Yaani fundi wa mtandao ANIGEUKIE MIMI aniulize "umegusa nini?" Mimi nimeshika tochi!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, msinisahihishe tahajia.

Bwana yule mnamjua. Kashuka leo na basi la Dar, begi mgongoni kama kobe, anasalimia swichi (kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu za ofisi) kabla ya watu. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Huyu angeondoka jana.

Kazi yenyewe ya dakika moja: kuongeza VLAN 30 ya kamera (VLAN ni kama njia ya peke yake ndani ya mtandao) kwenye poti ya tranki, ile inayopitisha VLAN nyingi kwa waya mmoja. Zilizokuwepo ni 10, 20 na 99, na hiyo 99 ndiyo tunayopitia kuingia kwenye swichi. Mimi nimesimama nyuma na tochi maana taa ya kile chumba iliungua enzi za mkonge wa Mjerumani. Akaandika:

switchport trunk allowed vlan 30

Bila "add"! Usipoweka "add" swichi haiongezi kitu, inafuta orodha yote inabakiza hiyo 30 peke yake. Akapiga Enta kwa mbwembwe kama anagonga muhuri wa ndoa. Skrini ikaganda. Printa kimya, simu za mezani kimya, jengo zima nasikia paka wa getini anavyohema.

Ndipo akageuka. Mbele ya bosi. Mbele ya dada wa mapokezi ambaye ndiyo kwanza kaanza kuitikia salamu zangu. "Hapo umegusa nini?"

NIMEGUSA NINI? Tochi, mjomba! Tochi ya simu yangu, chaji yangu!

Nikachomoa waya wa umeme wa swichi nikauchomeka tena. Kwa bahati hakuwa amehifadhi, ikaamka na mpangilio wake wa zamani. Bosi anaingia, jamaa anasema "nimeirekebisha". Akaagiziwa soda. Mimi nikatumwa kurudisha chupa. Umegusa nini!

Chuda Mjanja: 😂😂 Mkuu, cheo chako hapo kazini ni nguzo ya taa?

Mkonge Mkavu: Chai hii. Haina hata sukari.

Bi Kebo: Afadhali wewe. Wa kwangu alikosea herufi moja, swichi ikadhani ni jina la mashine, ikaanza kulitafuta kwenye DNS, lile daftari la majina ya mashine. Tumeikodolea macho kama tunasubiri mwezi wa Idi. Namwambia weka "no ip domain-lookup" iache kutafuta majina, ananijibu "tulia, mama". Mama! Nina miaka 26.

Fundi wa Raskazone: Swichi ya mbali huigusi kabla ya kuandika "reload in 10". Ukijifungia nje, dakika 10 zikiisha inajiwasha upya na kurudi ilipokuwa, mradi hujahifadhi. Mambo yakienda sawa, "reload cancel". Natoa sadaka, leo Ijumaa.

Mleta uzi: Shukrani mkuu, lakini KANIULIZA NIMEGUSA NINI!!

Mkonge Mkavu: Hilo basi la Dar ndilo lile linaloweka kambi Segera dereva akila kuku?

Bi Kebo: Lilelile. Na choo shilingi 500.

Chuda Mjanja: 500 halafu ndoo haina maji.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada.

Fundi wa Raskazone: Subiri kwanza. Hapo Segera wana chenji yangu tangu Pasaka.