Naomba ushauri: dagaa kwenda Isebania, nipite forodhani au nimwachie shemeji?

Habari wakuu, na wakubwa shikamooni. Nanunua dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, nawauzia wateja wa Sirari, mpakani na Kenya. Sasa mmoja anataka nimfikishie mzigo Isebania, upande wa Kenya, ng'ambo tu ya geti.

Shida ni ukweni. Mke wangu ni Mkurya wa Tarime, na nusu ya ukoo wao iko upande wa Kenya. Kwao mpaka ni wa malori na wageni. Wanavuka kwenda msibani, kudai mahari, kuuza mahindi palipo na bei, na mfukoni wana shilingi za nchi zote mbili. Shemeji kaniambia, "Ninyi Wasukuma mnapenda makaratasi. Lete mzigo, bodaboda watapitisha." Yeye kule wanamjua hadi mbwa, mimi nikikamatwa ni magendo, basi.

Najua Afrika Mashariki kuna utaratibu wa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, unapewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ila ushuru ukisamehewa, vibali vya mazao ya uvuvi viko palepale.

Waliowahi kupitisha dagaa Sirari, nianzie ofisi ipi? Vibali nichukue huku Mwanza au mpakani? Na shemeji nimkatalie vipi asione namdharau?