PLC inajizima na kuwaka yenyewe lakini pawasaplai inasoma volti 24, nifanyeje?

umeme_mdogo:
Wakuu habari za kazi. Kuna paneli inanisumbua wiki ya tatu sasa na mbinu zimeniishia. Mashine ni ya kufunga maboksi, ndani kuna PLC ndogo (kompyuta inayoendesha mashine), skrini ya opareta, sensa 22, valvu za hewa 6 na breki ya mota ya kinyanyulio, vyote vinakula kwenye pawasaplai moja (kifaa kinachoshusha umeme mkubwa) ya volti 24 ampia 5. Sasa PLC inajizima ghafla, baada ya sekunde chache inawaka tena, programu inaanza upya na mashine inasimama katikati ya kazi, maboksi yanabanana mpaka tuyatoe kwa mkono. Asubuhi haifanyi hivyo kabisa, ni kuanzia saa nane mchana hivi, kuna siku mara moja kuna siku mara tano.

Nimepima kwenye tamino (sehemu za kufungia waya) za pawasaplai napata 24.1 na taa yake ya kijani inawaka muda wote. Nimekaza tamino zote, nimeweka PLC ya akiba, hali ni ileile. Bosi ameshaanza kusema ni programu na mimi programu sijaigusa, kitu pekee kilichobadilika mwaka huu ni hiyo breki, zamani haikuwepo. Pawasaplai ina miaka 9. Naombeni mawazo maana kila ikizima mimi ndo naulizwa.

waya_mwekundu:
Mkuu miaka 9 mbona ni mingi, toa hiyo weka mpya habari iishe. Kapasita zake (vile vikopo vya kutuliza volti) zitakuwa zimekauka.

mzee_wa_paneli:
Waya_mwekundu anaweza kuwa sahihi ila usibadilishe kwa kubahatisha, ukiweka mpya ya ampia 5 tatizo linaweza kupotea miezi miwili likarudi na hapo utakuwa umechanganyikiwa zaidi.

Kwanza hiyo 24.1 umeipima saa ngapi na mashine ilikuwa inafanya nini? Nauliza kwa sababu mafundi wengi tunapima asubuhi, mlango wa paneli uko wazi, mashine imetulia, tunaona 24 tunasema pawasaplai nzima. Maltimita inakupa wastani, volti zikiporomoka kwa milisekunde 30 halafu zikarudi haitakuonyesha kitu, namba inabaki palepale na taa ya kijani unaweza usiione hata ikipepesa, lakini kwa PLC huo ni muda mrefu sana inakuwa imeshajizima. Kama maltimita yako ina kitufe cha MIN/MAX (kinatunza namba ya chini kabisa na ya juu kabisa) iwashe, weka ncha kwenye tamino za PLC yenyewe sio za pawasaplai, iache hapo mchana kutwa. Ukipata oskiloskopu, inayochora volti zinavyopanda na kushuka, ndo bora zaidi.

Pili piga hesabu ya mzigo. Sijui vifaa vyako ila tukikadiria kwa ampia, PLC na kadi zake 0.8, skrini 0.6, sensa 22 kwa miliampia 20 kila moja ni 0.44, valvu 6 kwa 0.4 ni 2.4, hapo una 4.24. Ongeza breki tuseme 1.3, unafika 5.54 na pawasaplai ni ya 5. Soma vibandiko vya vifaa vyako upate namba zako halisi. Valvu zote hazishikwi pamoja kila mara, ndo maana mashine inafanya kazi, lakini kuna sekunde moja kwenye mzunguko ambapo zinashikwa zote na breki inavuta umeme ili iachie, hapo ndo PLC inakufa.

Tatu ni joto, na ndo jibu la kwa nini mchana tu. Ampia 5 zilizoandikwa pale mbele sio za hali zote. Pawasaplai nyingi zinatoa ampia zake zote mpaka nyuzi joto 50 au 60 kutegemea modeli, ukipita hapo lazima upunguze mzigo, mara nyingi 2.5% kwa kila nyuzi moja, mchoro wake upo kwenye karatasi ya data. Halafu joto hilohilo ndo linakausha kapasita, kila nyuzi 10 zinazoongezeka maisha yake yanapungua karibu nusu. Kwa hiyo miaka 9 kwenye paneli yenye ubaridi na miaka 9 kwenye paneli inayochemka ni vitu viwili tofauti kabisa. Weka kipimajoto ndani ya paneli, funga mlango, soma saa tisa mchana.

kontakta25:
Mimi nilikuwa na kesi kama hiyo, nikazungusha ile skrubu ndogo ya kurekebisha volti nikapandisha mpaka 27, ikatulia mpaka leo. Jaribu kabla hujanunua kitu.

mzee_wa_paneli:
Kontakta25 ndugu yangu nakuomba usimshauri hivyo. Nguvu ya pawasaplai ni ileile, hiyo yake ni wati 120, ukipandisha volti kwenda 27 ampia zinazoruhusiwa zinashuka mpaka 4.4 na huyu tayari amezidisha. Halafu koili za valvu na breki zinavuta zaidi volti zikipanda, zinachemka na kuchemsha paneli. Skrubu ile ni ya kufidia volti kidogo zinazopotea kwenye waya, 24.5 au 25 sawa. Kwako ilikubali kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo.

dada_wa_draivu:
Naongezea kwenye waya maana watu wanausahau. Kiwango cha IEC 61131-2 kinaitaka PLC ya volti 24 ifanye kazi kati ya 20.4 na 28.8, chini ya hapo hakuna ahadi. Sasa chukua waya wa milimita za mraba 0.75 kwenda mita 30, kwenda na kurudi ni mita 60, ukinzani wake ni kama omu 1.4, ukipitisha ampia 3 umepoteza volti 4.2. Umetuma 24 kule mwisho inafika 19.8. Nimewahi kukuta boksi la valvu liko mbali hivyo, valvu moja inakwama mara moja kwa siku, watu wameshabadilisha valvu tatu na tatizo lilikuwa waya mwembamba. Kwa hiyo pima kule kwenye breki pia ikiwa inaachia, na uangalie kama koili yake ina dayodi ya kuzima mshtuko wa volti koili inapokatiwa umeme, breki iliyoongezwa baadaye mara nyingi hawaiweki.

Na swali, PLC na breki zimegawanywa kwa breka gani? Kama ni breka za kawaida za C6 (aina C, ampia 6) ujue shoti ikitokea hazitakuokoa. C6 kukatika papo hapo inataka mara 5 mpaka 10 ya ampia zake, na kwa DC inataka zaidi ya hapo, yaani ampia 30 mpaka 60 na kupita. Pawasaplai ya ampia 5 haina uwezo wa kuzitoa, itaangusha volti kwa kila kitu, PLC inazima na breka imekaa tu inaangalia. Kwa kazi hii kuna fyuzi za elektroniki, kila tawi linakatwa peke yake na zingine zinabaki hai.

umeme_mdogo:
Wakuu nimerudi, samahani kwa kuchelewa nilitaka nipate namba za kweli kwanza.

Nimeacha maltimita kwenye MIN/MAX kwenye tamino za PLC. Asubuhi yote chini kabisa 23.6. Saa nane na dakika 40 mchana mashine ikazima, nikakimbilia maltimita nikakuta 18.6. Nilisimama pale nikaiangalia kama dakika nzima, wiki tatu natafuta hii namba. Kipimajoto ndani ya paneli kilisoma 61. Nilipofungua kichujio cha hewa nikakuta vumbi la karatasi limeganda kama blanketi, feni inazunguka lakini haivuti kitu, na aliyefunga breki alibandika rilei yake chini ya pawasaplai kabisa, nafasi ya hewa kupanda hakuna. Karatasi ya data ya hii modeli inaanza kupunguza kwenye 50, kwa hiyo kwa nyuzi 61 ruhusa yangu ilikuwa ampia 3.6 hivi na mimi naidai zaidi ya 5. Breki haikuwa na dayodi, na inavuta 1.3 kama alivyokadiria mzee.

Nilichofanya: nimesafisha kichujio, nimehamisha rilei, nimeweka pawasaplai ya ampia 10 kwa ajili ya valvu na breki, na ndogo mpya ya 5 kwa PLC, skrini na sensa peke yake. Dayodi nimeweka. 0V (waya za kurudi) za zote mbili nimeziunganisha sehemu moja. Joto limeshuka mpaka 44 mchana. Leo siku ya 19 haijazima hata mara moja na bosi hajataja tena programu.

Ile ya zamani niliifungua baada ya kuizima, kapasita mbili za upande wa kutokea zimevimba juu. Naweza kubadili hizo kapasita nikaiweka akiba?

dada_wa_draivu:
Hongera sana, na asante kwa kurudisha majibu maana wengi wakipona hawarudi. Kuhusu kufungua, tafadhali sana, upande wa kuingilia kuna kapasita kubwa inashika zaidi ya volti 300 hata ukiwa umechomoa, usishike ndani kabla hujapima. Na akiba ya mashine inayobeba breki ya kinyanyulio isiwe kitu kilichotengenezwa upya mezani. Itumie kwenye benchi kujaribia sensa.

mzee_wa_paneli:
Naunga mkono. Kimoja cha mwisho, pawasaplai zako zote mbili bila shaka zina tamino za DC OK (zinazotoa taarifa kama volti ziko sawa), ingiza hizo waya kwenye PLC. Hiyo ya valvu ikianza kuchoka utaona alamu siku hiyohiyo. Na umfundishe anayefagia pale kwamba kichujio kinasafishwa kila wiki, karatasi inatoa vumbi jingi.

umeme_mdogo:
Nimeona tamino namba 13 na 14 zipo wazi kwenye zote mbili. Kesho kuna kusimama saa moja, naziingiza.