Naomba ushauri: mdogo wangu kapata ufadhili wa mbio Marekani, lakini umoja wa chuo chenyewe ulishasambaratika

Kaka_Mbulu

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa Mbulu, nahitaji mawazo yenu kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wangu wa kike anakimbia mita 5,000 na mbio za nyika. Ana barua mbili za ufadhili mkononi, moja ya chuo kilichomo Pac-12, nyingine ya chuo cha Mountain West, hizo zote ni umoja wa vyuo vinavyoshindana kimichezo. Makocha wote wawili wameongea naye kwa video, na wote wanaonekana watu wa heshima. Yeye moyo wake uko kwa huyu wa Pac-12.

Nikaanza kusoma habari za hiyo Pac-12, hofu ikanishika. Ni umoja wa vyuo ulioanza 1915. Mwaka 2022 vyuo vya USC na UCLA walitangaza kuhamia umoja mwingine, Big Ten. Mwaka 2023 Colorado wakaaga, halafu Agosti 4, siku moja tu, wakaondoka watano: Oregon, Washington, Arizona, Arizona State na Utah. Septemba Stanford na California wakajiunga na ACC, umoja wa upande wa Atlantiki kabisa. Wakabaki Oregon State na Washington State peke yao. Sasa wameongeza wengine, na Julai 2026 wanaanza upya wakiwa tisa.

Nilimweleza mama jioni akiwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akaniuliza: "Kama wakubwa wenyewe walikimbia, mwanangu wanamwitia nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Baba hayupo, kwa hiyo neno la mwisho linaniangukia mimi. Naombeni msaada.

Nyika_Eldoret

Pole kwa hiyo presha, ndugu. Mimi nilikimbia huko miaka minne, wacha nikutoe wasiwasi mmoja.

Waliohama walifuata pesa za televisheni, na hizo ni pesa za futiboli ya Kimarekani. Pac-12 ilishindwa kupata mkataba mzuri wa matangazo, kila mtu akatafuta pake. Mbio hazikuwa kwenye hesabu hiyo hata kidogo.

Na njia ya mkimbiaji kwenda fainali za taifa haipiti kwenye umoja. Nyika inakwenda kwa kanda tisa za kijiografia. Timu mbili za kwanza za kila kanda zinaingia moja kwa moja, nyingine zinaongezwa kwa matokeo ya msimu, na msichana ambaye timu yake imekosa bado anaweza kufuzu mwenyewe. Mbio za uwanjani wanachukua, kwa kila mbio, 48 bora wa magharibi na 48 wa mashariki, kila upande unatoa 12 wa kwenda fainali. Kwa hiyo umoja ukivunjika kesho, muda wake wa mita 5,000 utabaki kuwa muda wake.

Hata safari si mbaya kama za wachezaji wa kikapu. Mashindano ya umoja kwetu ni machache kwa mwaka. Hayo mengine kocha ndiye anayechagua.

Miruko_Mitatu

Nakubaliana na Nyika, ila kaka yangu usilale.

Mimi nilikuwa mrukaji. Chuo changu sikitaji. Tuliitwa kwenye mkutano wa video saa kumi jioni, haukufika dakika kumi na tano. Tukaambiwa kuruka na kurusha kumefutwa. Rafiki yangu wa kurusha tufe alikuwa amekaa kitandani, viatu vya mazoezi bado viko miguuni, akawa anavifungua kamba na kuzifunga tena. Ufadhili wangu walisema wataulipa, lakini kocha hakuna, na mimi sikwenda kule kukaa tu darasani. Ukiwa na viza ya mwanafunzi, F-1, huwezi kusimama kidogo ufikirie. Lazima uwe umesajiliwa masomo kamili, chuo kipya kikupokee, rekodi zako za uhamiaji zihamishwe, na I-20 mpya, ile fomu ya chuo ya viza, ioneshe nani analipa. Nilipungua kilo nne kwa wiki zile.

Umoja haukunifukuza. Bajeti ya chuo ndiyo iliyonifukuza. Muulize kocha kwa maandishi: ufadhili ni wa mwaka mmoja mmoja au miaka minne? Timu ikifutwa, chuo kitalipa mpaka ahitimu? Na yeye kocha mkataba wake unaisha lini?

Hesabu_Kwanza

Hapa ndipo umoja unaporudi. Tangu kesi ya House, ile ya malipo ya wanamichezo wa vyuo, imalizwe Juni 2025, vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano vinaweza kuwagawia wanamichezo pesa moja kwa moja, na ukomo wa mwaka wa kwanza, 2025-26, ulikuwa dola milioni 20.5. Sehemu kubwa inakwenda kwenye futiboli na kikapu. Chuo chenye mgao mdogo wa televisheni kinazitoa wapi? Kwenye michezo isiyoingiza kitu. Pia sasa kuna ukomo wa idadi ya wanamichezo kwenye timu: 17 kwa nyika, 45 kwa riadha ya uwanjani. Muulizeni kocha: mdogo wenu ni wa ngapi kwenye hao 17?

Ila tazameni Washington State. Juni 2025 walitangaza kuacha kuruka na kurusha, wakapunguza mbio fupi, wakabaki na mbio ndefu. Kwa Miruko ni kilio. Kwa msichana wa mita 5,000 ni dalili ya wapi kisu hakijafika.

Mzee_wa_Musoma

Wanangu, Suleiman Nyambui wetu alisoma chuo cha UTEP kule Texas, akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980. UTEP wakati huo walikuwa kwenye umoja wa WAC, baadaye wakaenda Conference USA, na mwaka huu wa 2026 wanaingia Mountain West. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, umoja ukiitwa Pac-8. Majina haya yamekuwa yakibadilika tangu zamani. Binti aende, lakini hayo maswali ya Miruko yajibiwe kwanza.

Kaka_Mbulu

Asanteni sana, na Miruko pole mno dada yangu. Nimewaandikia makocha wote wawili maswali yaleyale.

Wa Mountain West kajibu usiku uleule: mwaka mmoja mmoja, unahuishwa. Wa Pac-12 kasema miaka minne, na mdogo wangu anahesabiwa kati ya saba wa kwanza wa timu. Kuhusu timu kufutwa, kasema hana mamlaka ya kuahidi, amepeleka swali kwa mkurugenzi wa michezo. Nimependa kwamba hakunidanganya. Mama naye kasikia, kasema tusisaini chochote mpaka huyo mkurugenzi aandike. Jibu likija nitalileta hapa.