Wanaume karibu wote wanakubali usawa kwenye dodoso. Nipimeje wanachofanya nyumbani?

Mwanafunzi_Uzamili
Wakuu, naandaa tasnifu kuhusu wanaume waliooa na mgawanyo wa kazi za nyumbani. Natumia kipimo cha GEM (Gender-Equitable Men), kile cha kauli 24 kilichotengenezwa Brazil kupima mitazamo ya wanaume kuhusu usawa wa kijinsia. Kwenye jaribio la awali karibu kila mhojiwa ameunga mkono usawa, na alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi kauli zinavyoendana, iko chini ya 0.6. Nibadili kipimo au tatizo liko kwingine?

Takwimu_Kwanza
Usikitupe bado. Kagua tafsiri, hasa kauli zenye ukanushi. Chukua mfano huu: "Mwanaume hapaswi kukataa kuosha vyombo." Kuna "hapaswi", kuna "kukataa", halafu asiyekubaliana nayo anatakiwa achague "sikubali". Wengi hupotea hapo na kujibu kinyume cha wanachoamini. Andika tu: "Kuosha vyombo ni kazi ya mwanaume pia."

Hakikisha umegeuza alama za kauli zinazopinga usawa kabla ya kujumlisha. Ukiona kauli ina uhusiano hasi na jumla ya zilizobaki, anza kuitazama hiyo. Na wote wakitoa majibu yanayofanana, alfa hushuka hata kauli zikiwa nzuri, maana hakuna tofauti ya kupima. Kabla ya jaribio lingine, kaa na watu wanane hadi kumi, mmoja mmoja, kila mtu akueleze kauli kwa maneno yake.

Shajara24
Hata alfa ikipanda, utakuwa umepima mitazamo tu. Kazi hupimwa kwa muda. Tumia shajara ya saa 24 za jana, vipande vya dakika 15, siku moja ya kazi na moja ya mapumziko. Weka safu mbili: shughuli kuu na shughuli ya pembeni. Malezi mengi hujificha kwenye hiyo ya pili; mtu anapika huku anamwangalia mtoto, na ukiwa na safu moja utaandika kupika peke yake.

Kuna kazi ambayo shajara haiioni kabisa: nani anakumbuka tarehe ya chanjo, nani anagundua sabuni inakaribia kuisha. Iulizie kwa maswali yake. Mhoji pia mke, kila mmoja peke yake. Mara nyingi mume hutaja mchango mkubwa kuliko anaoutaja mkewe. Tafadhali usichukue wastani wa majibu hayo mawili, lichambue pengo lenyewe.

Maadili_ya_Utafiti
Hilo la kuhoji mume na mke lina mpaka. Dodoso likigusa ukatili, usiwahoji wote wawili nyumba moja. Mume akijua mkewe kaulizwa nini, mke anaweza kuumizwa baada ya wewe kuondoka. Chagua wanaume eneo moja na wanawake eneo lingine.

Nadharia_na_Vitendo
Naomba pia usiwagawe kwa alama, wa juu uwaite "wa kisasa" na wa chini "wa jadi". Wanasosholojia Connell na Messerschmidt, kwenye makala yao ya 2005 kuhusu uanaume tawala (namna ya kuwa mwanaume inayotukuzwa kuliko nyingine), walikataa kuuchukulia kama tabia isiyobadilika ya mtu. Mwanaume yuleyule anaweza kufua wakiwa wawili na kuacha wageni wakifika. Kwa kila kazi uliza mara mbili: nani huifanya mkiwa peke yenu, na nani huifanya wazazi wako wakiwepo.