Kuunganisha laptopu na tivi za nyumbani Wete

Kutoka Toronto

Assalaam alaykum wazee na ndugu zangu. Safari ya Wete, Pemba, imekaribia na video za harusi zimo kwenye laptopu, wazee wanazingojea. Tivi ya ukumbini ni bapa, ya chumbani kwa bibi ni ile ya chogo. Laptopu ina matundu ya USB-C tu. Ninunue waya gani kabla sijaondoka?

Kutoka Muscat

Wa alaykum salaam, mwanangu. Waya uache kwanza, uangalie tundu. USB-C zote zina umbo moja, lakini si zote zinazotoa picha. Pembeni pakiwa na alama ya radi yenye mshale, au herufi P iliyoshikana na D, picha itatoka. Pasipokuwa na alama, tafuta neno DisplayPort kwenye maelezo ya modeli yako. Likikosekana, adapta ya kawaida haitakufaa hata uilipie bei ya dhahabu.

Ikiwa linatoa, nunua adapta ya USB-C kwenda HDMI, tundu la tivi linalopokea picha na sauti, pamoja na waya wa HDMI wa mita 3. Wa mita 1 ni mfupi: tivi ikitundikwa ukutani, laptopu itavutwa na tundu litalegea. Ukipita mita 5 kwa waya za bei rahisi, picha huanza kukatika au kumwaga nukta nyeupe zinazometameta.

Chomeka waya vyombo vyote vikiwa vimezimwa, kisha washa tivi kwanza. Kwenye rimoti bonyeza SOURCE au INPUT, uchague HDMI yenye nambari ileile iliyoandikwa kwenye tundu ulilochomeka. Hapa ndipo waya hulaumiwa bure: umechomekwa HDMI 2, tivi inaangalia HDMI 1. Halafu kwenye Windows shika kitufe cha Windows pamoja na P, uchague skrini ya pili peke yake. Ukichagua kuonesha pande zote mbili, kompyuta hutafuta kipimo kinachokubaliwa na skrini zote, na picha ya tivi yaweza kufifia.

Picha ikija bila sauti, bofya alama ya spika kwenye laptopu, uchague jina la tivi. Na bibi harusi akionekana amekatwa kilemba, kosa si la mpiga video. Ni tivi inayokuza picha na kula kingo. Ingia kwenye menyu ya ukubwa wa picha, weka Just Scan au Screen Fit. Jina hutegemea tivi.

Ya chogo inataka kisanduku cha kugeuza HDMI kuwa AV, chenye matundu matatu: njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Soma maandishi vizuri, maana vipo vinavyogeuza upande wa pili na kwa sura ni pacha. Kisanduku hicho lazima kipewe umeme wa USB wa volti 5, la sivyo utakodolea giza. Kina swichi ndogo ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya picha za tivi: weka PAL, maana kwenye NTSC picha yaweza kuja bila rangi au ikapanda na kushuka. Maandishi hayatasomeka vizuri, lakini sura za watu utaziona.

Kutoka London

Naongeza la umeme. Nyumbani ni volti 230 na plagi ni za Kiingereza, pini tatu bapa. Sisi wa huku na wa Muscat hatuna shida, wewe wa Kanada utahitaji adapta ya plagi. Chaja ya laptopu ikiandikwa 100–240V, haina neno. Ekstensheni ya Kanada iache hukohuko, imetengenezwa kwa volti 120.

Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010. Ukikatika, chomoa tivi na laptopu, usirudishe mpaka dakika chache baada ya kurudi. Pale unaporudi ndipo vyombo vinapoungua. Bora zaidi uweke tivi gadi, kifaa kinachokinga tivi na umeme unaopanda na kushuka.

Kutoka Muscat tena

Na ikiwa tivi bapa ina tundu la USB, huenda laptopu isihitajike kabisa. Tia video kwenye flashi, ziwe MP4 za H.264, njia ya kubana video; H.265 tivi nyingi za zamani hazifungui, au hutoa sauti bila picha. Flashi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili, haipokei faili linalofika GB 4, na video ya harusi nzima hupita hapo kwa urahisi. Ikate vipande: nikahi peke yake, kupamba peke yake. Tivi ikisoma mpangilio wa exFAT, ifomati hivyo kabla hujatia kitu, kwani kufomati kunafuta vyote.

Adapta nunua mbili. Hewa ya chumvi inakula shaba, na tundu likishaota ukungu wa kijani, picha inakuja ukiushika waya na kupotea ukiuacha.