Karatasi ya Saidi

Kikundi: UKOO WA MAKORORA
Ijumaa, 27 Juni

[07:04] Mama Saidi: Asalaam alaykum ndugu zangu. Jana Saidi kaitwa tena kule karakana ya mbao alikoumia vidole kwenye mashine, kisha wakamwambia asirudi kazini. Kapewa bahasha ya laki tatu na karatasi asaini. Nimeipiga picha hii hapa.

[07:11] Mjomba Hamisi: Waalaykum salaam dada. Miwani sina. Inasemaje?

[07:13] Rehema Dar: Shikamooni. Inasema "nimepokea fidia yangu yote na sina dai lingine lolote". Kaka Saidi umesaini??

[07:16] Saidi: sjasaini. niliwaonyesha mkono wa kulia na bandeji yake nikasema kalamu haishikiki

[07:16] Rehema Dar: 😂😂 Pole kaka, ila bandeji imekuokoa. Usisaini hata ikipona.

[07:20] Mjomba Hamisi: Mpelekeni CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wakaone hao. Kijana wa barabara ya 12 alikwenda, akalipwa.

[07:21] Rehema Dar: Mjomba, yule alidai nini? Aliumia au aliachishwa?

[07:24] Mjomba Hamisi: Aliachishwa.

[07:31] Rehema Dar: Ehee. Hapo ndipo wengi wanapopotea, hata huku ofisini nawaona. Kaka ana madai mawili, na kila moja lina mlango wake. Vidole ni vya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kuambiwa asirudi kazini ndiko kwa CMA. Ukipeleka vidole CMA utarudishwa, na siku zinakwisha.

[07:33] Mama Saidi: Siku zipi tena mwanangu

[07:38] Rehema Dar: Mama mdogo, dai la kuachishwa linafunguliwa ndani ya siku 30. Aliambiwa asirudi tarehe 2 Juni. Leo 27. Zimebaki tano, na mbili ni Jumamosi na Jumapili! La kuumia lina nafasi, miezi 12 tangu ajali.

[07:40] Bi Mwanaidi: Habari za asubuhi. Nani anakuja na sinia la visheti Jumapili?

[07:41] Mjomba Hamisi: Mwanaidi subiri kidogo.

[07:44] Saidi: fundi mkuu anasema kosa langu, mashine ya kuranda haikuwa na kinga. mi nimeikuta hivyo hivyo miaka miwili iliyopita

[07:49] Rehema Dar: Mwache aseme. WCF haitafuti mzembe ni nani, labda mtu awe amefanya makusudi. Wanaangalia kama uliumia ukiwa kazini, basi. Tena mwajiri akishapata habari ana siku 7 za kuitaarifu WCF. Muulize kwa maandishi kama ametaarifu. Kama bado, taarifu mwenyewe.

[07:52] Mjomba Hamisi: Na ile hela anayokatwa kwenye mshahara?

[07:53] Rehema Dar: Hiyo ni ya hifadhi ya jamii mjomba. Mchango wa WCF anatoa mwajiri peke yake. Akimkata mfanyakazi kavunja sheria.

[07:59] Mjomba Hamisi: Mambo yamebadilika. Sisi kwenye mkonge mtu akiliwa mkono na korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge, sheria ya zamani ulemavu wa kudumu haukuzidi shilingi 108,000. Akifa, 83,000. Rafiki yangu aliyebaki na mkono mmoja alinunua baiskeli. Hakuweza kuiendesha.

[08:00] Bi Mwanaidi: Mungu amrehemu, namkumbuka.

[08:06] Rehema Dar: Sasa ni sheria ya 2008. Wakati hawezi kufanya kazi analipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Akishapona daktari anapima ulemavu uliobaki. Ukiwa asilimia 30 au chini, analipwa kwa mkupuo. Ukizidi, pensheni kila mwezi. Ndiyo maana hiyo laki tatu inanichekesha.

[08:09] Mama Saidi: Na wakimpimia kidogo?

[08:13] Rehema Dar: Anaomba uamuzi upitiwe upya, maombi yanakwenda kwa Waziri. Asiporidhika na huko, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Kwa hiyo barua ya uamuzi ikija isilazwe chini ya godoro mama mdogo 🙏 nakujua.

[08:14] Mama Saidi: 😅

[08:17] Saidi: ila sina mkataba wa maandishi. wataniita kibarua tu

[08:22] Rehema Dar: Sheria inamchukulia kuwa mwajiriwa mtu aliyemfanyia mwenzake kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho. Wewe unazimaliza kwa wiki moja. Tafuta meseji za mishahara kwenye simu, na yule mwenzako aliyekufunga kitambaa siku ile. CMA wataanza na usuluhishi. Ukishindikana ndani ya siku 30 mnakwenda kwa mwamuzi. Kufungua hulipi. Fomu namba moja mpe kwanza mwajiri nakala, akugongee muhuri wa kupokea.

[08:25] Saidi: akikataa kugonga?

[08:27] Rehema Dar: Nenda na shahidi. Andikeni tarehe, saa, na nani kakataa.

[08:28] Mjomba Hamisi: Shahidi mimi. Jumatatu saa mbili asubuhi nakupitia na bajaji. Ile bahasha iko wapi?

[08:30] Saidi: niliiacha mezani kwao

[08:31] Mjomba Hamisi: Mtoto wa dada yangu huyo!

[08:33] Mama Saidi: Mie nilimgombeza jana usiku kuiacha. Hata unga ulikuwa umekwisha.

[08:35] Bi Mwanaidi: Unga nauleta mimi leo baada ya sala. Haya, visheti je?