Saa inahesabu kukuna nazi. Nimpimeje mama mwenye shida ya valvu?

Binti wa Ngamiani
Assalaam aleykum ndugu zangu. Mama yangu ameshavuka miaka 70, tuko naye hapa Tanga. Kipimo cha eko, kile cha kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kimeonyesha valvu, yaani mlango wa moyo unaopitisha damu kwenda mwilini, imekakamaa, haifunguki sawasawa. Daktari anataka kujua kwa siku anajishughulisha kiasi gani. Ukimuuliza mwenyewe, jibu ni moja: "Mimi mzima, kazi zangu zote nafanya."

Kaka akamnunulia saa ya kuhesabu hatua. Juzi nimekaa naye uani, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, mkono unakwenda na kurudi, na hatua kwenye saa zinapanda tu, wakati hata hajanyanyuka! Jioni akaenda kwa jirani na mkongojo, ameushika kwa mkono ule ule wenye saa. Saa ikakaa kimya. Sasa namba hii niipeleke kliniki? Naogopa wataona mama ana nguvu ambazo hana.

Fizio Tanga
Waaleykum salaam dada. Usiipeleke peke yake. Saa inapima mtikisiko wa pale ilipofungwa, haijui habari za miguu. Kifaa cha kiunoni, upande wa nyonga, ni afadhali, ingawa mzee anayeburuza miguu polepole nacho kitamrukia hatua nyingi.

Na msimpe mama lengo la hatua 10,000. Namba hiyo ilitoka Japani miaka ya 1960 kwenye biashara ya kuuza vihesabu hatua, haikutungwa kwa ajili ya wagonjwa wa moyo. Mlinganishe mama na mama mwenyewe: kifaa kile kile, sehemu ile ile ya mwili, wiki hii na wiki za nyuma.

Kliniki wana kipimo cha kutembea dakika 6 kwenye njia tambarare, mara nyingi ya mita 30, wanaangalia amefika umbali gani. Hicho msikijaribu nyumbani, valvu ikiwa imebana sana mtu anaweza kuzimia.

Lakini kikubwa zaidi, uliza ameacha nini. Wazee wenye tatizo hili wanapunguza shughuli kidogo kidogo mpaka hawahisi shida, halafu wanasema kwa moyo safi kwamba hawana dalili.

Mwana wa Makorora
Hili la kuacha ni kweli kabisa. Baba yangu ni mtu wa baiskeli, kama wazee wengi wa Tanga. Anazunguka mji, mkono umetulia kwenye usukani, saa inaona kama amelala. Tukaamua kuandika daftari: kaenda wapi, kasimama wapi, karudi saa ngapi. Mdogo wangu alipomfuata kwa nyuma akaona upepo wa kusi ukimkabili mzee anashuka, anasukuma baiskeli huku anasalimia watu barazani, kumbe anatafuta pumzi. Daktari alilisoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa.

Binti wa Ngamiani
Allah awalipe. Nimekaa na mama nikamuuliza taratibu. Soko la Mgandini alikuwa akienda mwenyewe kwa miguu, sasa anamtuma mtoto, anasema "jua kali". Swala anaswali kwenye kiti, anasema "magoti". Na usiku ameongeza mto wa pili, hilo hakuna aliyekuwa analijua nyumbani.

Fizio Tanga
Andika yote, na la mto liweke juu kabisa. Kuhitaji kulala kichwa kimeinuka kunaweza kuwa dalili kwamba moyo unaelemewa, kwa hiyo wapigie kliniki kesho, usingoje tarehe. Akizimia, kifua kikimbana au pumzi ikimkatika amekaa tu, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Binti wa Ngamiani
Nimeelewa kaka. Asubuhi napiga simu, na daftari naanza leo.